Kamba Niliyoisuka na Nywele za Mama Yako

Mwanangu Kalunde,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa dirishani, treni imekwisha kuiacha Kaliua, na machozi ya stesheni yamekauka. Usiifungue mbele ya watu. Ukiona behewa limejaa, ifiche mpaka ufike Tabora, kisha tafuta kona ukae nayo peke yako.

Mambo ya sabuni, blanketi na watu wa kuwaamkia huko hospitali ya misheni, mama yako amekwisha kukuambia mara tatu tatu, na shangazi yako ameongeza ya kwake. Mimi hapo sina la kuongeza. Nina jambo langu moja tu, nalo ni la aibu. Nimeishi nalo tangu kabla hujazaliwa. Sasa hivi ni alasiri. Wewe na shangazi mmekwenda kuaga ng'ambo ya reli, mama yako yuko uani anachambua maharage, nami nimejifungia chumbani kama mwizi wa kuku na kalamu niliyoazima kwa mwalimu.

Ni kwa sababu ya jana. Ulipomwomba mama yako ruhusa ya kusukwa kabla ya safari, ukasema wenzako wote wanaokwenda kusomea uuguzi wamesukwa, yeye akakuambia, "Nyumba hii hasukwi mtu na huku kuna mtu anaingia njiani." Wewe ukamjibu, "Mama, nywele haziui mtu." Naye akasema, "Kawaulize waliokwisha kuzikwa." Hapo ukanigeukia mimi. "Baba, sema basi."

Nami nikatazama viatu vyangu. Nikasema, "Msikilize mama yako."

Uliondoka umeinamisha shingo. Mama yako naye aliondoka, mkono juu ya kilemba chake, kama mtu anayezuia kitu kisidondoke. Ninyi wawili mligombana kwa ajili yangu bila kujua. Katika watu watatu tuliokuwa pale uani, wewe ulisema kweli, mama yako alikuwa ameonewa, na mimi ndiye niliyekuwa nayajua yote.

Najua kisimani umesikia kwamba mama yako alikuwa na mume kabla yangu. Aliitwa Maganga, alianguka kutoka juu ya mti wa mizinga. Na bila shaka umesikia vinywa vikisema kwamba nywele za mama yako ndizo zilizomwangusha. Hayo umeyasikia kwa watu. Haya nitakayokuambia hukuyasikia kwa mtu, maana hakuna anayeyajua ila mimi.

Kwanza nikueleze desturi yenyewe, maana ninyi mliokulia darasani mnaijua kwa kuicheka tu. Zamani mume akiingia msituni kurina asali au kuwinda, mkewe hubaki na msuko ule ule aliokuwa nao siku mumewe alipoondoka. Haufumui, wala hasuki mwingine. Kichwa kikimwasha, hujikuna kwa kijiti. Babu yangu, aliyebeba pembe mpaka pwani enzi za misafara, alisema walikuwa wakirudi baada ya kiangazi kizima na zaidi, wanawake wanatoka kuwapokea, na mwanamume hakuhitaji kumwuliza mkewe kitu. Alitazama kichwa tu. Akikuta msuko wa zamani umesukumwa juu na nywele mpya, umekuwa kama nyasi kavu, alijua amengojewa. Wengine walilia pale pale, wanaume wazima wenye mabega yaliyoota sugu.

Nilipokuwa mtoto niliiona habari hiyo nzuri mno. Hata leo naiona nzuri, na hapo ndipo aibu yangu inapozidi. Wanawake walikuwa na jambo lao walilolifanya kwa mapenzi, nami nikalichukua nikafunikia uvivu wangu.

Babu yule yule ndiye aliyenifundisha kusuka kamba. Gome la miyombo hubanduliwa mvua zikiwa bado zinanyesha, mti una maji, linatoka refu na laini. Unaliloweka, unalipondaponda, unachambua nyuzi zake, halafu unasuka mafungu matatu kuzunguka fungu moja la katikati, nalo tuliita moyo. Mafungu ya nje yanaonekana. Moyo hauonekani, lakini ndio unaobeba. Na babu alikuwa na sharti moja asilolichezea hata akiwa amelewa: kamba uliyomsukia mtu mwingine, ining'inie wewe kwanza. Unaifunga kwenye tawi, unainua miguu, unakaa hapo mpaka mikono ikuume. Ikikatika, umekatikiwa wewe, si mwenzako. Pwani kule, alisema, mtu aliyefunga mzigo wa mwenzake kwa kamba asiyoijaribu hakupewa nafasi kwenye moto wa kambi.

Maganga alikuwa rafiki yangu wa kambi. Kila mwaka tuliingia msituni pamoja, siku ishirini, wakati mwingine thelathini. Yeye alikuwa mpandaji, na mimi, nakuambia bila kujisifu maana sina cha kujisifia, nilikuwa msukaji bora wa kamba upande huu wote. Kazi tuligawana hivyo. Yeye hakupata kusuka kamba yake mwenyewe hata siku moja. Ile kamba ya kupandia inayozunguka mti na kiuno cha mtu, akiegemea nyuma ndiyo inayomshika, hiyo nilimsukia mimi.

Mwaka ule mvua zilikuwa nzuri na mimi nilikuwa mpumbavu. Kulikuwa na mashindano ya ngoma, kundi letu na kundi la ng'ambo, nami nilikuwa na njuga mpya miguuni. Nilicheza wiki nzima. Nikasema gome nitabandua kesho, kesho ikawa keshokutwa, na mvua zikakatika. Nilipokwenda miyombo ilikuwa imekwisha kukauka, gome linatoka vipande vipande. Nililopata lilitosha mafungu ya nje tu. Siku ya kuondoka ilikuwa imekaribia na Maganga alikuwa akipita kila jioni kuuliza, "Vipi, mchezaji wetu?"

Darini kwangu kulikuwa na gome la mwaka uliopita. Lilikuwa limeliwa na wadudu. Ukilikunja lilitoa unga. Nililichukua nikalifanya moyo.

Nje niliisuka vizuri sana, Kalunde. Nafikiri sijasuka kamba nzuri kama ile kabla wala baada yake. Niliikaza, nikaipaka nta mpaka ikang'aa. Maganga alipokuja kuichukua aliisokota mkononi, akatabasamu, akaniuliza kama ilivyo ada, "Umeining'inia?"

Nikamjibu, "Nimeining'inia, tena na mama mkwe wako mgongoni."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Ndivyo nilivyomdanganya, kwa mzaha. Nadhani nilijiambia moyoni kwamba uwongo wa kuchekesha si uwongo sana.

Siku ya kumi na tano msituni alipanda mninga mrefu wenye mizinga miwili. Mimi nilikuwa chini napuliza moto wa moshi. Nilisikia sauti ndogo, kama mtu anavunja ufito. Halafu nikamsikia akisema, "Mihayo." Hakupiga kelele. Alisema tu jina langu, halafu akafika chini.

Hakufa. Kiuno ndicho kilichovunjika. Tulikuwa wanne kambini, tukatengeneza machela. Wenzetu wawili walipokwenda kukata miti, mimi niliokota kamba ile vipande viwili. Moyo ulikuwa umemwaga unga wake. Niliitia motoni. Nilikaa nayo mpaka ikaisha, huku rafiki yangu anaugulia nyuma yangu na kuniomba maji. Kamba kwanza, maji baadaye. Hilo sijapata kulisema kwa mtu, na mkono wangu unakataa kuliandika, lakini nimeliandika.

Tulimbeba siku tatu. Tulipokaribia kijijini mbiu ikapigwa, watu wakatoka. Mama yako akatoka mbio, kichwa wazi, na nywele zake zilikuwa zimesukwa upya. Mistari myembamba kutoka paji la uso mpaka kisogoni, imepakwa mafuta, inametameta. Mdogo wake alikuwa amemtembelea siku tano kabla, akamwonea huruma kwa vile alivyokuwa akijikuna, akamsuka mchana mmoja uani huku wanapiga soga. Basi. Dhambi yote ya mama yako ndiyo hiyo. Alikuwa na miaka kama yako, Kalunde, na kichwa kilimwasha.

Wanawake walimwona kabla hajafika kwenye machela. Mama mkwe wake alipiga yowe, na yowe lile halikuwa la mwanawe.

"Ulikuwa unajipambia nani?" alimwuliza. "Mume yuko juu ya mti, wewe unajipambia nani?"

Jioni wazee wakakaa. Sitaki ufikiri walikuwa wajinga au wakatili. Mzee Kapera, aliyekuwa mkubwa wao, alikuwa mtu wa haki, na swali lake la kwanza aliniuliza mimi, si mama yako. Alisema, "Mihayo, wewe ndiwe uliyesuka. Tuambie kweli. Kamba ilikuwa nzima?"

Nikasema, "Ilikuwa nzima."

"Uliining'inia?"

"Niliining'inia."

Wote wakageuka kumtazama mama yako. Hakukuwa na mahali pengine pa kutazama. Kama kamba ilikuwa nzima na mpandaji hakulewa, basi sababu iko nyumbani. Mama yako alisimama pale katikati yao, mikono kichwani, anajaribu kuficha nywele kwa viganja viwili. Usiku ule mama mkwe wake alimnyoa kwa wembe mkavu, na kesho yake akarudishwa kwa baba yake.

Maganga aliishi masika mawili akiwa kitandani. Nilikwenda kumwona karibu kila siku, nilimpelekea asali, nilimgeuza, nilimwosha. Watu walisema, tazama urafiki huo. Yeye alimtaka mkewe arudi, mama yake akakataa. Siku moja tukiwa wawili tu akaniuliza, macho yake juu ya paa, "Mihayo, wewe ni fundi. Hivi nywele zaweza kukata kamba?"

Alinifungulia mlango kabisa. Nadhani alikuwa anajua nusu yake, na nusu nyingine alitaka kunipa nafasi niiseme mwenyewe. Nikamjibu, "Hayo wazee ndio wanaoyajua."

Hakuniuliza tena. Alipokufa, mama yako hakuruhusiwa kukanyaga msibani. Walisema mwuaji halii pamoja na waliofiwa.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kuliko reli ya Kigoma. Baada ya msiba nilikimbilia darasa la ubatizo. Nilijifunza kusoma na kuandika, na siku ya kutubu nilitubu pombe, ngoma, na kuku wa jirani niliyemla nikiwa kijana. Mchungaji alifurahi kwa toba ndefu namna ile. Mimi nilijua ni ndefu kwa sababu nilikuwa nazunguka.

Halafu nikamposa mama yako. Sitakudanganya kwamba nilifanya hivyo kwa kutaka kulipa. Nilimpenda, nilikuwa nimempenda hata zamani, kwa mbali, kama kijana anavyompenda mke wa rafiki na kunyamaza. Lakini nilijua pia kwamba hakuna mwingine atakayemposa, na kwamba baba yake atamtoa kwa mahari yoyote. Mahari ikawa ndogo. Na kijiji kizima kikanisifu! Mchungaji alinitaja kanisani kama mfano. Mzee Kapera mwenyewe alinishika mkono akasema, "Umemstiri yule mtoto. Wewe ni mtu." Nilitabasamu nikainamisha kichwa, wakasema, tazama na unyenyekevu wake.

Lililo baya zaidi bado sijakuambia. Wa kwanza kunisifu ni mama yako. Usiku wa harusi alipiga magoti akaniambia, "Asante kwa kunichukua mimi niliyeua." Nilimwinua, nikamwambia hakuua. Akafikiri namfariji. Akanipenda zaidi kwa faraja ile.

Uliwahi kuniuliza, ulipokuwa na miaka tisa au kumi, mbona mama hakubali wewe uninawishe mikono kabla ya kula kama watoto wengine wanavyowanawisha baba zao. Kila siku huleta maji mwenyewe, hupiga magoti mwenyewe. Nilikujibu kwamba ndivyo alivyozoea. Sasa unajua ananishukuru nini. Mara mbili kwa siku, miaka yote hii, ananinawisha mikono hii hii.

Kichwa chake hukioni bila kilemba, na chini ya kilemba hakuna nywele. Hunyoa kila mwezi. Na unakumbuka ile safari yangu ya Urambo, ulipokuwa mdogo, shangazi yako akakusuka kwa ajili ya sikukuu, mama yako akakukamata na kukufumua mstari mmoja mmoja huku analia na kukuzaba kofi. Niliporudi ulinikimbilia. Ulikuwa na ngozi nyekundu kisogoni. Ukasema, "Baba, mama amenivuta." Nikakubeba, nikakupa kipande cha muwa, nikakuambia msikilize mama yako. Hata wewe, basi, umelipia kamba ile, na ulikuwa bado hujui kufunga nguo yako.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa naogopa nini. Mwanzoni niliogopa kupigwa, labda kufukuzwa. Hilo ningeweza kulimaliza. Kosa siku ile ya kwanza lina uzito wake lenyewe tu: kijana alicheza ngoma, akasuka vibaya, rafiki akaumia. Lingeniumiza, lakini lingekuwa limefika mwisho wake. Nilipolificha likaanza kuzaa. Likaongezeka la Mzee Kapera, la Maganga kitandani, la kanisani, la harusi, la kofi lako. Mwishoni sikuogopa tena kijiji. Niliogopa uso wa mama yako anapoinua macho kutoka kwenye beseni la maji.

Huko uendako utakuja kukosea. Utampa mgonjwa dawa ya mwenzake, au utasahau kidonda kimoja usiku mzima. Sisemi haya kukutisha, kila fundi hukosea. Siku hiyo utakuta pembeni yako kuna mtu mdogo kuliko wewe, mfagiaji au mwanafunzi mgeni, na macho ya wakubwa yatakuwa yanamtafuta mwenye kosa, na hutahitaji kusema uwongo hata kidogo. Utahitaji kunyamaza tu na kuyaacha macho yatue juu yake. Nakuomba ukumbuke baba yako alivyotazama viatu vyake.

Hapa nilikuwa nimeandika mistari minne ya kukuomba ukirudi likizo umsomee mama yako barua hii. Nimeifuta, utaona wino. Nilipoisoma tena niliona nafanya lile lile. Natafuta mtoto wa kwenda kusimama katikati badala yangu. Naacha kalamu kidogo, mwanangu. Maharage bado yanachambuliwa, namsikia.

Nimerudi. Jua limeshuka mpaka kwenye paa la kanisa, na ninyi bado hamjarudi.

Nilitoka na karatasi hizi mkononi. Mama yako aliniona akasema, "Baba Kalunde, uso wako umekuwaje, una homa?" Nikamwambia nina barua ya mtoto, nataka nimsomee. Akafurahi. Akajifuta mikono, akavuta kigoda, akasema nisome polepole asipitwe na neno.

Nilisoma kwa Kiswahili kama nilivyoandika, na pale Kiswahili kiliponishinda nilimwambia kwa Kinyamwezi. Nilipofika kwenye gome la darini, mikono yake iliacha maharage. Nilipofika kwenye moto, pale nilipoichoma kamba na Maganga anaomba maji, alifumba macho. Nilisoma mpaka pale nilipofuta. Kisha nikakunja karatasi. Sikupiga magoti, nilifikiri nikipiga magoti nitakuwa namwomba aniinue.

Akauliza neno moja. "Maganga alikufa akiamini ni mimi?"

Nikamwambia, "Hakuamini kuwa ni wewe. Aliniuliza, nami sikumjibu."

"Hakuamini," akasema.

"Hakuamini."

Ndipo alipolia. Nimeishi na mama yako miaka yote hii na sijapata kusikia kilio kile. Alikaa chini, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wajane, akaanza kumwita Maganga kwa majina yake yote ya sifa, majina ambayo mimi nilikuwa nimekwisha kuyasahau, mpaka lile la utotoni. Jirani akachungulia uani akauliza nani kafariki. Mama yako akamjibu, "Mume wangu." Yule mama akanitazama mimi nimesimama pale mzima, akaondoka bila kuaga. Kesho kijiji kitakuwa na la kusema, na wakija kuniuliza nitawaambia. Nimekwisha kuamua kumtafuta Mzee Kapera, ni mzee sana sasa, haoni, lakini anasikia.

Mama yako alipomaliza alijifunga kanga yake upya, akaniambia mambo yake kwa sauti ya kawaida, kama anayepanga kazi za shamba. Kesho atakupeleka stesheni yeye na shangazi. Mimi nisije. Barua hii atakupa yeye kwa mkono wake, ili ajue imefika. Na leo mkirudi atakusuka. Alitazama vidole vyake, akasema havijasuka kichwa cha mtu tangu akiwa msichana, huenda mistari ikapinda, lakini utavumilia.

Ukisoma haya, mwanangu, ndipo utakapojua kwa nini uliporudi jioni ulimkuta amekaa mkekani anakungoja na kitana, na kwa nini hakujibu ulipomwuliza kulikoni. Utakuwa umemkosa baba stesheni. Nitakuwa hapa nyumbani, na treni ikipita nitaisikia.

Nilifikiri amekwisha. Nikageuka niingie ndani. Akaniita, "Baba Kalunde." Nikasimama.

"Hilo la kamba nimelisikia," akasema. "La moto nimelisikia. Mungu atajua la kufanya nayo. Lakini mimi nilikushukuru. Kila asubuhi na kila jioni, kwa magoti, nilikushukuru. Nirudishie shukrani zangu."

Nimemwambia nitazirudisha. Nimeingia huku ndani tangu wakati huo, na sijui mtu anaanzia wapi.

Uende salama, ufike salama, na uwafae watu.

Mimi baba yako, niliyesuka kamba ile,
Mihayo